Maji ya Kutawadhia na Waya wa Ardhi

Mwezi uliopita nilikuwa juu ya ngazi, hapa Gongoni, Tabora, nimeshika nyaya mbili. Moja ilikuwa nyekundu, nyingine nyeusi. Najua hivyo kwa sababu niliziweka mwenyewe miaka ya nyuma. Nilizisogeza kwenye mwanga wa dirisha, nikaziona zote mbili za kahawia. Nikashuka, nikafunga koleo na bisibisi ndani ya kitambaa chake, nikamwomba mwenye nyumba atafute fundi mwingine. Sijafika hamsini bado. Lakini fundi wa umeme ambaye macho yamemgomea ni afadhali atoke mlangoni kwa miguu yake kuliko kutolewa amebebwa.

Ninyi vijana wa karakana mliniambia niandike niliyoyaona, mpate kitu cha kusoma mkisubiri vipuri kutoka Dar es Salaam. Kwa jinsi ninavyovijua vipuri hivyo, mna nafasi ya kusoma msahafu mzima pamoja na tafsiri yake. Mimi nitaandika mafupi. Mkichoka njiani, rukeni mpaka habari ya nyumba ya Bi Zuhura. Hiyo ndiyo inayonifanya nishike kalamu.

Nilianza kazi mwaka uleule wa uhuru. Nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari, na baba yangu, mshona makubadhi, alitegemea nikae nyuma ya meza ofisini. Lakini mimi nilikuwa siwezi kukaa. Nikisikia treni inapiga honi kuelekea Igalula, nyayo zinaniwasha. Bibi yangu alisema nimerithi damu ya wapagazi, wale waliobeba mizigo ya misafara kutoka hapa hadi pwani, na kwamba mtu wa damu hiyo ukimpa kiti hakikalii, anakitazama tu akijiuliza kina uzito gani. Kwa hiyo niliposikia kuna fundi anayezunguka mji hadi mji akifunga umeme majumbani, nilimfuata.

Jina lake lilikuwa Fundi Mrisho. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia ya vito iliyofuliwa mpaka ikasahau rangi yake. Alinitazama kuanzia viatu.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Nimemaliza sekondari, fundi."

"Umeme mlifundishwa?"

"Ndiyo. Tulifundishwa kwamba ni elektroni zinazotembea."

"Ulishawahi kumwona?"

"Nani, fundi?"

"Huyo Elektroni."

"Hapana."

"Basi usimpe mgongo. Mtu anayepita nyumbani kwako na humwoni, huyo si wa kumpa mgongo."

Siku hiyo sikushika waya. Alinipeleka kwenye ua wa nyumba moja ya wauza nta, akanikalisha juu ya kinu kilichopinduliwa, akaniambia nitazame watu wanamwaga maji wapi. Basi. Yeye akaingia ndani kutoboa kuta, mimi nikabaki nikitazama maji. Wanawake wa nyumba ile hawakupenda. Mmoja wao alimwita Mrisho.

"Fundi, huyu kijana wako anatutazamia nini?"

"Anatafuta mahali pa kuzika."

"Kuzika nani tena, jamani!"

"Waya, mama. Waya tu. Endeleeni kuosha."

Jioni aliniuliza nimeona nini. Nikamwambia vyombo vinaoshwa kila mahali, lakini kutawadha wanatawadhia palepale, kwenye jiwe moja lililo karibu na kisima, sala zote. Akafurahi kama aliyetajiwa ilipo hazina. Pale pembeni ya jiwe ndipo tulipochimba.

Nieleze jambo hili vizuri, kwa sababu mengine yote yanaliegemea. Umeme ukipotea njia ukaingia kwenye chuma cha pampu au cha pasi, unatulia pale unamsubiri mtu. Waya wa ardhi ni mlango wa nyuma tunaoufungua ili umeme huo utoke, uzame chini, kabla mtu hajagusa. Ukipita mlango huo, swichi ya kujikata iliyo ukutani inahisi, inaruka, na nyumba inazimika. Lakini ni lazima ardhi iupokee. Na ardhi yetu, masika ikishaondoka, inakuwa kama kigae. Unaweza kuzika bomba la chuma kimo cha mtu, na umeme ukafika pale ukakuta mlango umefungwa.

"Ardhi ya Unyamwezi ina kiu," Mrisho alikuwa akisema. "Usipoinywesha haipokei mgeni." Kwa hiyo alizika bomba lake, akalizungushia mkaa na chumvi, na akahakikisha liko mahali ambapo watu watalimwagia maji bila kuambiwa. Kwa Waislamu ni pa kutawadhia. Kwa Wakristo ni pale mama anapooshea sufuria. Nyumba za makapera alizichukia. Alisema kapera hanawi wala haoshi, afadhali atumie kibatari. Mimi nilimweleza kwa nini chumvi inasaidia, kama nilivyosoma shuleni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ni vizuri kujua, na chumvi ikaongezwa.

Miaka ile ya mwanzo tulikuwa na kazi nyingi za kengele. Nyumba walimokuwa wakiishi Wazungu wa serikali zilikuwa na vitufe kila chumba, ukibonyeza kengele inalia jikoni, mtumishi anakuja. Bwana mmoja mkubwa aliyehamia katika nyumba kama hiyo alituita tuzing'oe zote, akisema ni alama za unyonyaji. Tukazing'oa. Kabla mvua hazijaanza akatuita tena, akatuuliza kwa sauti ndogo kama bado tunazo.

Nilijifunza mengi nisiyoyaona katika vitabu. Nilijifunza kwamba mchwa hula ubao wa kushikizia nyaya lakini huuogopa mninga, kwa hiyo tulitumia mninga tu, hata kwa maskini. Nilijifunza kugonga sanduku la swichi kabla ya kulifungua. Kule Igalula nilifungua moja bila kugonga nikakuta nyuki wamehamia zamani, pamoja na asali yao. Nilikimbia nikavuka reli mbili. Mrisho alibaki na moshi wa gunia, akakata umeme, akakata na masega, akanirudishia kipande kwenye jani. "Huyu ndiye Elektroni unayeweza kumwona," akasema.

Sasa nyumba yenyewe.

Mzee Nassoro alikuwa mfanyabiashara wa asali na ngozi hapa Gongoni. Aliwahi kufika Mombasa, akaona nyumba fulani huko, akarudi na ndoto. Alitaka nyumba inayojiendesha. Alitaka pampu kisimani ijiwashe yenyewe maji yakipungua kwenye tangi la juu, ijizime yenyewe yakijaa. Alitaka kengele kila chumba, na ubao ukumbini wenye vibendera vya kuonyesha ni chumba gani kimeita. Alitaka mlango wa ghala ukifunguliwa taa iwake bila mtu kuigusa. Tulimfanyia yote. Boya la tangi tulilitengeneza kwa debe la mafuta lililozibwa kwa risasi ya kuyeyusha. Mabomba ya chuma hayakupatikana, kwa hiyo pampu ilivuta na kusukuma maji kwa mipira minene, na ilikaa juu ya gogo la mninga ili isitetemeshe ukuta. Waya wa ardhi tuliuzika pembeni ya jiwe la kutawadhia. Siku ya kwanza wageni walipanga foleni kufungua na kufunga mlango wa ghala, mpaka Mzee Nassoro akaweka kufuli.

Mke wake, Bi Zuhura, hakushangaa. Alisema: "Nyumba inayojiendesha ni kama punda anayejiendesha. Siku moja itakwenda isikotakiwa."

Mzee Nassoro alifariki kabla ya nchi kuanza kuzungumza Ujamaa kwa sauti kubwa. Mungu alimwepushia mikutano mingi. Fundi Mrisho akamfuata miaka michache baadaye, kifua. Nilimtembelea siku za mwisho, na hakunipa wosia mwingine. Alinishika mkono akasema, "Ile pampu ya Zuhura imechoka. Usiiache." Nikamwambia siiachi.

Na kweli ilikuwa imechoka. Koili yake ilikuwa imeanza kuvujisha umeme kwenye chuma. Kila mara ilipovujisha, swichi ya kujikata iliruka, nyumba ikazimika, na Bi Zuhura akanitumia mtu: "Mwambieni Saidi swichi yake ina kisirani leo tena." Nakwenda, naianika pampu juani, naifunga, inatulia wiki mbili tatu. Koili mpya tuliagiza. Ilikuwa miaka ile ambayo ukiagiza kitu unaletewa maelezo. Lakini sikuogopa sana, kwa sababu swichi ikiruka, maana yake mlango wa nyuma uko wazi. Nilimwambia Bi Zuhura mara nyingi: "Mama, ikiruka shukuru." Alinijibu kwamba ana mambo mengine ya kushukuru.

Ndipo watu wakaanza kuhamia vijijini, na sisi mafundi tukahamia nao, kufunga taa za zahanati na mashine za kusaga. Kwangu ilikuwa raha. Nilipita Nzega na Igunga, mahali ambapo misafara ya zamani ilikuwa ikipumzika, na usiku wazee walinionyesha visima vilivyochimbwa na wapagazi. Lakini sikulala vizuri. Mwenzenu nina ugonjwa wa kuwaza nyumba nilizoziacha nyuma. Wengine wakisafiri wanawaza wake zao.

Habari ya nyumba ile ilinikuta nikiwa kazini kijiji cha Ziba. Kijiji kilikuwa kimepata jenereta la zahanati, na wageni kutoka wilayani walikuwa wanakuja kuifungua. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, nyasi zimekwisha, ng'ombe wanalamba mawe. Asubuhi moja lori la pamba likasimama, akashuka dereva niliyemfahamu, Kulwa, mtu wa Nzega aliyezoea kupeleka salamu za watu kila mahali.

"Fundi Saidi! Bi Zuhura anakusalimu sana. Anasema ukirudi utakuta nyumba yake imekuwa Ulaya."

"Ulaya kivipi?"

"Amejengewa bafu la ndani! Fundi bomba ameshusha maji kutoka tangi la juu mpaka ndani. Unafungua tu, shaa! Nani tena aende kisimani na kata? Wanatawadhia humohumo, wanaoshea vyombo humohumo, maji machafu yanakwenda zake kwenye shimo nyuma ya ukuta."

Nilikuwa nakunywa uji. Nikaweka kikombe chini.

"Tena," Kulwa akaendelea, "ile swichi yako yenye kisirani imepona. Tangu mwezi wa Shaabani haijaruka hata mara moja. Mama anasema marehemu Mrisho amemwombea."

Kulwa alitegemea nifurahi. Alinitazama akicheka, na kicheko kikamwisha taratibu. Koili haiponi, jamani. Mtu anapona, hata punda anapona, lakini koili haiponi. Pampu ilikuwa inavujisha kama kawaida, ila sasa hakuna aliyetawadhia kwenye jiwe, ardhi imekauka, mlango wa nyuma umefungwa, na umeme umekaa kwenye chuma unasubiri mkono. Nyumba nzima inasema Alhamdulillahi, imetulia.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Masanja, mtu mrefu aliyevaa koti la jeshi hata kwenye joto.

"Mwangaluka, Mwenyekiti. Naomba ruhusa niende Tabora."

"Kufanya nini?"

"Kumwaga maji uani kwa mtu."

Watu waliokuwa pale walidhani natania. Yeye hakucheka.

"Wageni wanakuja keshokutwa, zahanati haijawaka, na wewe unakwenda kumwaga maji. Uani kwa nani?"

"Kwa mjane mmoja, Gongoni."

"Ndiyo ile nyumba Kulwa anayoisimulia? Ya kengele kila chumba? Hiyo nyumba ya bepari, ndugu fundi."

"Bepari mwenyewe amekufa, Mwenyekiti. Amebaki mjane na kisima, na mkwe anayechota."

"Na sisi wajamaa tukae gizani?"

"Taa zote zimeshafungwa. Limebaki kuunganisha jenereta. Lakini kule kuna pampu inayoweza kuua mtu, na wenyewe wanaisifu."

Nikamweleza habari ya ardhi na kiu yake. Alisikiliza akiichora ardhi kwa fimbo. Alikuwa mfugaji, ardhi yenye kiu hakuhitaji kufafanuliwa.

"Hapa kwetu waya umeuzika wapi?" akauliza.

"Pale kina mama wanaponawia mikono wakitoka kupima watoto."

"Na tukihamisha pa kunawia?"

"Basi mtaniua kwa wasiwasi."

Kisha akamwita Kulwa, aliyekuwa anaelekea Shinyanga, akamwambia ageuze lori anifikishe Nzega kwanza. "Nenda," akaniambia. "Ila ukikuta msiba, usije kusema ni Ziba iliyokuchelewesha."

Kulwa alinung'unika njia nzima. "Miaka yote hiyo umeme haujamuua, utamuua leo kwa sababu mimi nimeleta salamu?"

"Salamu zako ndizo zilizonishtua."

"Basi sileti tena salamu za mtu. Mtu akitaka kukusalimu aje mwenyewe."

Kila kilima tulichopanda nilihesabu sala zilizopita. Tukikaribia Nzega nilikuwa nasema moyoni, sasa wametawadha alasiri, tangi limepungua, pampu imejiwasha. Pampu ile ilikuwa imezeeka hivi kwamba boya likiiwasha ilivuta hewa, mpaka mtu aende afungue kifuniko cha shaba, aimiminie maji mdomoni kama mgonjwa. Hivyo ndivyo nyumba ile ilivyokuwa ikijiendesha. Na anayemimina maji huwa amesimama penye maji.

Nilipata basi la Tabora asubuhi. Nilikaa dirishani, na kila mtu tuliyempita barabarani akitoka mjini nilimtazama uso kuona kama ana habari. Ujinga mtupu. Watu wa Uyui wanaotoka kuuza kuku sokoni wangejuaje? Lakini wasiwasi hauna elimu ya sekondari.

Niliteremka adhana ya adhuhuri ikilia, nikazidi kuogopa, maana ndio wakati watu wanatawadha. Nilikwenda Gongoni nusu nikitembea nusu nikikimbia. Mlangoni kwa Bi Zuhura kulikuwa na kile kitufe cha kengele tulichokifunga sisi wenyewe, cha shaba, kinang'aa. Sikukigusa, maana nacho kimeungwa kwenye waya uleule wa ardhi. Niliokota kijiti nikagonga nacho mlango. Hakuna aliyejibu. Nikausukuma.

Uani niliona jambo moja tu. Hadija, mkwe wa Bi Zuhura, alikuwa anaiendea pampu na kopo la maji mkononi, miguu mitupu, sakafu imelowa.

"Usiguse!"

Kopo likamdondoka. Nilimpita mbio hadi ukumbini, nikavuta swichi kubwa chini, na vibendera vyote vya Mzee Nassoro vikatikisika. Kisha nikasikia mitalawanda, vile viatu vya mbao vya kuogea, inakuja ko, ko, ko kutoka bafuni. Bi Zuhura alitokea akiwa bado na maji usoni.

"Saidi! Adabu gani hii, kuingia ua wa watu unapiga kelele kama mnadi punda?"

"Shikamoo, mama. Amegusa?"

"Marahaba. Nani amegusa nini?"

Hadija alikuwa ameshika ukuta. "Sijagusa, kaka Saidi. Siku hizi nafungulia kwa kanga," akasema, akanionyesha pindo la kanga kavu alilolikunja mara nyingi na kulizungusha mkononi. "Inaning'ata. Nilimwambia mama."

"Inamng'ata!" Bi Zuhura alinigeukia mimi. "Mwanangu, mimi naishika kila siku haining'ati. Sasa pampu inachagua wakwe? Huyu hataki kuchota, basi."

"Inaning'ata, mama. Juzi imenitupa."

"Imekutupa wapi? Mbona nilikukuta umekaa?"

Nikatazama miguu yao. Bi Zuhura alikuwa juu ya mbao mbili nene. Hadija alikuwa juu ya sakafu.

Niliwaomba wasimame mbali, nikarudisha swichi mara moja tu. Taa yangu ya majaribio ina nyaya mbili. Mmoja niliugusisha kwenye chuma cha pampu, mwingine kwenye mnyororo wa ndoo uliozama kisimani. Taa ikawaka. Nikazima. Bi Zuhura alikuwa ameona, lakini taa kuwaka kwake haikuwa habari. Nyumba ile taa ziliwaka hata ukifungua mlango.

Jiwe la kutawadhia lilikuwa palepale. Pembeni yake, juu kabisa ya waya wetu wa ardhi, kuku alikuwa anaoga vumbi. Nilimfukuza, nikaomba chumvi na ndoo. Hadija alileta maji, mimi nikamimina. Ndoo ya kwanza ilitoweka kama iliyomwagwa kwenye pakacha. Ya pili vilevile, na ardhi ikatoa sauti ndogo, ya mtu anayekunywa maji ya kufuturu. Tulimimina mpaka maji yakasimama juu.

Nikarudi ukumbini. Nikawasha swichi kubwa. Tangi lilikuwa limepungua, boya likaiita pampu, pampu ikaguna, na papo hapo swichi ya kujikata ikaruka: pa! Nyumba ikanyamaza.

Miaka yote ya kazi sijasikia sauti tamu kama hiyo. Nilitoka nje nikakaa juu ya jiwe.

"Umeona sasa?" Bi Zuhura akasema. "Ilikuwa nzima, umekuja umeiharibu."

Aliyemjibu ni Hadija, polepole, kama anayejisemea. "Kwa hiyo ilikuwa inaning'ata kweli."

Bi Zuhura akaitazama taa ya majaribio mkononi mwangu, akamtazama mkwewe, kisha akatazama chini, kwenye nyayo za Hadija zilizolowa. Halafu akavua mitalawanda, kwanza mmoja, halafu wa pili, akaisukuma kwa kidole cha mguu mpaka ikamfikia Hadija.

"Vaa," akasema. Akaenda kisimani bila viatu, akavuta ndoo kwa mkono, akarudi nayo kwenye jiwe. Nikampisha. Akatawadha upya, palepale.

Pampu ile niliifungua nikaiweka chini, na mpaka koili ilipofika walichota kwa ndoo. Bafu la Ulaya likawa ghala la mkaa kwa muda. Ziba nilirudi, zahanati ikawaka siku moja baada ya wageni kuondoka, na Mzee Masanja hakunisema, aliuliza tu, "Mkwe mzima?" Nikamwambia mzima. Akaenda kuwaamuru kina mama wasihamishe pa kunawia.

Ningependa kuishia hapo. Lakini Bi Zuhura ameshafariki, na nyumba imekodishwa kwa mpangaji, mtu mwema, mpenda usafi. Leo asubuhi nilipita, miguu hii haijajifunza kukaa, nikamkuta amesakafia ua wote kwa saruji. Unang'aa. Jiwe la kutawadhia wamelichimbua kwa sababu lilikuwa linawakwaza watoto. Nikamuuliza maji wanamwaga wapi. Akasema, "Ndani, mzee wangu. Karibu uone." Nikamuuliza swichi ya kujikata inamsumbua? Akacheka, akasema haijawahi hata siku moja.

Nilimweleza. Alinisikiliza kwa heshima, kama mnavyomsikiliza mzee mwenye macho mabovu. Nilimwaga birika moja pale jiwe lilipokuwa, maji yakateleza juu ya saruji mpaka barabarani. Mimi kuchimba siwezi tena, kwa sababu pale chini kuna nyaya na sitaziona rangi zake.

Mnaijua nyumba. Mlango wake una kitufe cha shaba. Chukueni nyundo, patasi, chumvi na ndoo, mwende leo kabla ya adhuhuri. Na hodi pigeni kwa kijiti.